VPM anaweza nini kwa mtu wa Kasongo na Kabambare?

Kila mara jina la VPM likitajwa katika habari za jioni, simu yetu hapa redio inalia. Siku si nyingi zilizopita alipiga mzee mmoja kutoka upande wa Kabambare. Salamu zake zilikuwa fupi. «Mwanangu, kila siku mnasema VPM, VPM. Huyo VPM ni mkubwa kuliko gavana? Na kama ni mkubwa, juu ya nini barabara yetu iko vile iko?»

Nilimjibu hewani, tena mbiombio, maana dakika zilikuwa zinaisha: ndiyo baba, ni mkubwa. Nikarudi nyumbani na lile jibu likinikera. Si uongo, lakini halimsaidii mzee kitu. Ukubwa wa VPM uko kwenye orodha ya protokali, kwenye kiti cha mbele na kwenye msafara wa magari. Barabara yake iko kwenye wizara nyingine kabisa. Leo nataka kumjibu vizuri, bila saa ya studio kunikimbiza.

Tuanze na jina, kwa sababu hata sisi watangazaji tunalichanganya. VPM ni kifupi cha Kifaransa, Vice-Premier Ministre, yaani Naibu Waziri Mkuu. Huyu si «vice-ministre». Vice-ministre ni naibu wa waziri mmoja ndani ya wizara moja, na kwenye ngazi ya serikali yuko chini kabisa. VPM yuko juu, chini ya Waziri Mkuu tu. Baada yake wanafuata wale wanaoitwa ministre d'État, halafu mawaziri, halafu mawaziri wajumbe, ndipo manaibu wa mawaziri. Kwa Kiswahili wote wawili tunawaita «naibu», na hapo msikilizaji anapotea. Nimewahi kusikia mtu sokoni akisema manaibu waziri wakuu wa Kongo wako zaidi ya kumi. Alikuwa amewahesabu na wale wa chini.

Jambo la pili, ambalo wengi hawalijui: Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 hailazimishi kuwe na VPM. Kifungu cha 90 kinasema serikali inaundwa na Waziri Mkuu, mawaziri na manaibu wa mawaziri, na kama kuna haja, manaibu waziri wakuu, ministre d'État na mawaziri wajumbe. Kama kuna haja. Serikali inaweza kukosa VPM hata mmoja na ikabaki serikali halali. Serikali ya Adolphe Muzito, mwaka 2008, ilianza na watatu. Ile ya Judith Suminwa, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa nchi hii, ilipotangazwa mwisho wa Mei 2024 ilikuwa na sita: Jacquemain Shabani kwenye Mambo ya Ndani, Jean-Pierre Bemba kwenye Usafiri, Guy Kabombo kwenye Ulinzi, Guylain Nyembo kwenye Mpango, Daniel Mukoko Samba kwenye Uchumi, na Jean-Pierre Lihau kwenye Utumishi wa Umma. Katika mageuzi ya Agosti 2025 Muzito mwenyewe akaingia, safari hii kama VPM wa Bajeti. Mtu aliyekuwa Waziri Mkuu toka 2008 hadi 2012 amerudi kukaa chini ya kiti alichokikalia.

Wengine walicheka. Lakini hata Ulaya inatokea. Luxembourg, nchi ndogo inayoweza kuingia ndani ya Maniema mara nyingi, Xavier Bettel alikuwa Waziri Mkuu miaka kumi, halafu mwaka 2023, baada ya uchaguzi, akawa naibu wa Luc Frieden na kuchukua Mambo ya Nje. Hakuna aliyesema ameshushwa. Chama chake kilihitajika ili serikali ipate wabunge wa kutosha, na yeye ndiye aliyekuwa uso wa chama. Kiti cha naibu kilikuwa bei ya muungano.

Ubelgiji, waliotutawala na kutuachia mtindo huu wa serikali, wameufanya kama kanuni. Serikali ya Bart De Wever iliyoapa Februari 2025 ina vyama vitano, na kila chama kina naibu waziri mkuu wake. Hao watano pamoja na Waziri Mkuu wanakaa kwenye baraza dogo wanaloliita «kern», na mambo magumu yanapita hapo kwanza kabla ya mawaziri wengine kuyaona. Naibu wa Ubelgiji hakuwekwa pale kumbebea Waziri Mkuu mfuko. Amewekwa na chama chake kumchunga.

Sisi tulichukua cheo. Lile baraza dogo, na ule mkataba wa vyama ulioandikwa ukurasa kwa ukurasa, tuliviacha kwao. Ndiyo maana VPM wa Kongo ni mtu wa kushangaza kidogo: ana jina kubwa, lakini kazi ya jina lile haijaandikwa popote kwa urefu. Kazi yake iliyoandikwa ni ya wizara yake. Lile neno VPM mbele yake linaongeza heshima, linaongeza ngazi, na linaongeza kitu kimoja tu chenye meno: siku Waziri Mkuu hayupo, yeye anaweza kukaa pale.

Na siku moja inatosha.

Mwaka 2020 tuliona. Serikali ya wakati ule ilikuwa ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mtu wa PPRD, chama cha Joseph Kabila. Rais alikuwa Félix Tshisekedi wa UDPS. Walikuwa wamefunga ndoa ya kisiasa, FCC ya Kabila pamoja na CACH ya Tshisekedi, na kila mmoja akilala jicho moja wazi. VPM wa Mambo ya Ndani alikuwa Gilbert Kankonde, mtu wa UDPS. Kwa hiyo mkubwa wa serikali ni wa kambi hii, na naibu wake wa kwanza ni wa kambi ile. Kwa mfano wa Wabelgiji hiyo ni kawaida. Kwetu ilikuwa ni kuweka kiberiti karibu na petroli.

Mwezi wa saba mwaka ule Waziri Mkuu Ilunga alisafiri kikazi kwenda Lubumbashi. Hakutoka nje ya nchi. Tarehe 17 Julai, televisheni ya taifa ikasoma amri za Rais, zile tunazoziita ordonansi, za kuteua wakubwa wa jeshi na mahakimu. Kati ya mahakimu walikuwemo watatu wa kuingia Mahakama ya Katiba: Dieudonné Kaluba, Dieudonné Kamuleta na mama Alphonsine Kalume.

Hapa inabidi nielezee kidogo, msinichoke. Kifungu cha 79 cha Katiba kinasema ordonansi nyingi za Rais lazima Waziri Mkuu aweke saini ya pili. Zisizohitaji saini hiyo ni chache na zimetajwa kwa namba. Saini ya pili si mapambo. Ndiyo njia ya kusema kwamba serikali, inayojibu mbele ya Bunge, imekubali na itabeba mzigo. Rais peke yake habebi mzigo huo mbele ya Bunge.

Sasa Waziri Mkuu yuko Lubumbashi. Nani kaweka saini ya pili? Kankonde, VPM, kwa cheo cha mkaimu.

Siku chache baadaye ofisi ya Ilunga ilitoa tangazo. Alisema ameshangaa, ameyasikia maamuzi yale kama raia wengine wanavyoyasikia, na kwamba yeye alikuwa kazini ndani ya nchi. Upande wa Rais ukashikilia kwamba kila kitu kimefuata sheria. Wanasheria wakagawanyika mpaka leo: mtu akiwa Lubumbashi, ana simu, ana ndege ya serikali, je, huko ni «kutokuwepo»? Mkaimu ana haki ya kuweka saini kwenye jambo zito hivyo, au yeye ni wa kushughulikia mambo ya kila siku tu?

Mimi si mwanasheria. Nilifika sekondari na mafunzo mafupi ya utangazaji. Lakini naona hivi: kama swali lile lingekuwa limeandikwa wazi, kwa sentensi mbili tu, nani anakaimu, kwa muda gani, na nini hakigusi, nchi ingeepuka miezi sita ya mvutano. Halikuandikwa vya kutosha. Na aliyeandika historia ile si Rais wala Waziri Mkuu. Ni naibu, kwa kalamu moja, wiki moja ambayo bosi wake alikuwa safarini.

Kilichofuata mnakijua. Tarehe 21 Oktoba 2020 wale mahakimu watatu waliapa mbele ya Rais. Viongozi wa mabaraza mawili ya Bunge hawakufika: Jeanine Mabunda wa Baraza la Taifa, na Alexis Thambwe Mwamba wa Seneti, ambaye ni mtoto wa Maniema yetu. Tarehe 6 Desemba Tshisekedi akatangaza ndoa imevunjika. Januari 2021 Ilunga akaangushwa na kura ya kutokuwa na imani, akajiuzulu. Siwezi kusema saini ya Kankonde peke yake ndiyo iliyovunja nyumba. Nyumba ilikuwa na nyufa toka mwanzo. Lakini ufa ule ndio kila mtu aliouona kutoka nje.

Na sisi wa Maniema kisa hiki kilitufikia mlangoni. Mahakama ya Katiba ndiyo inayomhukumu aliyekuwa Waziri Mkuu kwa makosa ya wakati wa kazi yake, au angalau ndivyo ilivyokuja kuamua. Augustin Matata Ponyo, mzaliwa wa Kindu, Waziri Mkuu toka 2012 hadi 2016, alipelekwa pale juu ya pesa za shamba kubwa la Bukanga-Lonzo. Novemba 2021 Mahakama, ikiongozwa na Kaluba, ilisema haina uwezo wa kumhukumu. Mwaka 2022 Kaluba akatoka, Kamuleta akachukua usukani, na Mahakama ikabadilisha msimamo: uwezo inao. Tarehe 20 Mei 2025 ikamhukumu Matata miaka kumi ya kazi ya nguvu. Kindu siku ile watu walizungumza mpaka usiku, na hapa Kasongo pia, kila mmoja na msimamo wake. Mimi sisemi saini ya 2020 ilimhukumu Matata. Hao watatu walikuwemo kwenye mahakama iliyosema hapana, na Kamuleta ndiye aliyeongoza ile iliyosema ndiyo. Nasema tu kwamba watu waliokaa kwenye viti vile waliingia kwa mlango uliofunguliwa na naibu, na mtu wa Maniema aliyekuwa akiuliza «VPM ananihusu nini?» alipata hapo sehemu ya jibu.

Wazee wa huku wana jibu lao la zamani zaidi. Juni 1960, Patrice Lumumba alipounda serikali ya kwanza ya uhuru, naibu wake alikuwa Antoine Gizenga. Septemba Lumumba akafukuzwa na Kasa-Vubu, mwanzoni mwa Desemba akakamatwa. Gizenga alikuwa amekimbilia Stanleyville, Kisangani ya leo, na kutoka pale akasema: mkubwa wangu amefungwa, mimi naibu wake ndiye serikali halali. Maniema, wakati ule ikiwa ndani ya jimbo la Kivu na ikiwa imejaa wafuasi wa MNC ya Lumumba, ikawa upande wa Stanleyville. Nchi kadhaa zilimtambua Gizenga. Hebu fikirini: kwa miezi kadhaa babu zetu walikuwa raia wa serikali iliyosimama juu ya neno moja, «naibu». Agosti 1961 akarudishwa kuwa naibu katika serikali ya Cyrille Adoula, na Januari 1962 akaondolewa na kufungwa. Aliishi mpaka akawa Waziri Mkuu mwenyewe, kutoka mwisho wa 2006 mpaka 2008, na akafariki Februari 2019.

Halafu kuna ile ya «1+4». Vita viliposimamishwa, kuanzia 2003 Kabila alikuwa na makamu wanne wa Rais: Yerodia, Bemba, Ruberwa na Arthur Z'Ahidi Ngoma, naye wa Maniema. Kila mmoja alipewa tume yake; Z'Ahidi Ngoma aliongoza ile ya jamii na utamaduni. Katiba ya 2006 ilifuta viti vile, lakini tabia haikufutika. Tulijifunza kwamba mwenye nguvu, mwenye chama, mwenye eneo lake, anatafutiwa kiti chenye neno «makamu» au «naibu» ili akae ndani badala ya kurusha mawe kutoka nje. Bemba ni mfano hai: makamu wa Rais 2003, VPM wa Ulinzi 2023, VPM wa Usafiri 2024.

Sisi si peke yetu. Kenya, baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, waliweka manaibu waziri wakuu wawili mwaka 2008, Uhuru Kenyatta na Musalia Mudavadi, mmoja kila upande. Tanzania cheo hicho hakimo katika Katiba yao, lakini marais wamekitumia wanapoona inafaa. Augustine Mrema alikuwa nacho miaka ya mwanzo ya 1990, na Doto Biteko akakipewa Agosti 2023. Kila mahali ni dawa ya ugonjwa fulani wa siasa. Tofauti ni ugonjwa.

Ukitaka kuona jambo hili bila kwenda Kinshasa, angalia hapa kwetu. Kila teritware ina administrateri, na sheria inampa wasaidizi wawili, mmoja wa siasa na utawala, mwingine wa uchumi na maendeleo. AT akiwa safarini Kindu, raia anapeleka karatasi kwa msaidizi. Mwingine anaweka saini mara moja, mwingine anakuambia «ngoja mkubwa arudi». Na kule Kindu, gavana Auguste Musafiri alipoangushwa, makamu wake Afani Idrissa Mangala ndiye aliyekaimu, na mwaka 2022 akachaguliwa gavana. Kwa hiyo mtu wa Maniema asidanganywe kwamba naibu ni gurudumu la akiba tu. Mara nyingi gari linatembea juu ya gurudumu hilo.

Sasa nirudi kwa mzee na barabara yake.

Mwaka juzi kikundi cha wachuuzi na wamotari wa njia ya Kasongo–Kabambare walinionyesha memorandumu waliyotaka kutuma Kinshasa. Kurasa nne, imepigwa vizuri, saini nyingi, na vidole vya wasiojua kuandika. Juu waliandika: «Kwa Mheshimiwa Naibu Waziri Mkuu». Basi. Hawakutaja wizara. Ndani walichanganya kila kitu: madaraja yaliyooza, shule iliyoanzishwa na kuachwa bila paa, watumishi wa serikali wanaofanya kazi miaka bila mshahara, vizuizi vya watu wenye silaha, bei ya petroli. Nikawauliza, VPM yupi? Wakaniangalia. «Kumbe wako wengi?»

Wako wengi, na ndiyo shida. Barua iliyoandikiwa «VPM» ni kama barua iliyoandikiwa «mjomba» katika nyumba yenye wajomba sita.

Barabara, nianze nayo. Haina VPM. Barabara za taifa zinashughulikiwa na Office des Routes, ambayo iko chini ya wizara ya Miundombinu, na pesa za matengenezo zinakusanywa na FONER kutoka kwenye mafuta. Katika serikali ya Suminwa, mwanzo na baada ya mageuzi, Miundombinu haikuwa mikononi mwa VPM. Njia ndogo za kutoa mazao shambani ziko upande wa Maendeleo Vijijini. Bemba, ambaye jina la wizara yake lina maneno ya kufungua maeneo yaliyofungika, anawachanganya wengi kwa maneno hayo; yeye ni wa usafiri: ndege na viwanja vyake, boti, na reli. Kwa hiyo treni ikichelewa kwenye njia ya Kindu, jina lake linafaa kutajwa. Daraja la mbao lililoanguka kati ya Kasongo na Kabambare, hapana.

Shule bila paa ni nyingine. Nyingi ya zile zilizoanzishwa tangu 2022 na mpango wa teritware 145, pamoja na vituo vya afya na ofisi za utawala, zinahesabiwa kwenye wizara ya Mpango. Hapo yupo VPM, na ni halali kumuuliza kwa jina: teritware yangu ilipangiwa majengo mangapi, mangapi yamekwisha, na mkandarasi ni nani. Ukiuliza VPM wa Mambo ya Ndani kuhusu paa, hata akiwa na moyo mwema, ataipeleka karatasi kwenye meza nyingine na hapo italala.

Mishahara inahitaji uangalifu zaidi, na hapa wengi wanalia mahali pasipo. Mtumishi wa ofisi ya serikali anayesubiri «mekanizasyo» anamhusu VPM wa Utumishi wa Umma, Lihau, aliyeko pale toka 2021. Lakini mwalimu wa shule ya msingi, mfaili wake unapita kwa DINACOPE, chini ya wizara ya Elimu. Nimeona walimu wakimsubiri Lihau kwenye redio kama masiya, wakati karatasi zao haziko kwake. Sisi waandishi tuna kosa letu hapo: tunasoma «serikali imelipa watumishi wapya» bila kusema ni watumishi gani.

Petroli: wizara ya Uchumi ndiyo inayotia saini bei rasmi kwa kila ukanda. Ila mtu wa Kasongo anajua chupa ya kadafi kando ya barabara haisomi karatasi ya Kinshasa, kwa sababu gharama ya kufikisha lile dumu hapa inaimeza bei rasmi. Hapo tunarudi tena kwenye barabara, isiyo na VPM.

Usalama una wawili, na hiyo ni hatari yake. Polisi, administrateri, machifu na masekta yote yako kwa Mambo ya Ndani. Jeshi liko kwa Ulinzi. Mtu wa Salamabila, aliyezunguka miaka na vikundi vyenye silaha karibu na mgodi wa Namoya, anajua tofauti hiyo kwa ngozi yake: kizuizi kikiwa cha polisi kuna mtu mmoja wa kuulizwa, kikiwa cha askari kuna mwingine, na kikiwa cha wenye silaha wa msituni, wote wawili wanaweza kusema si changu. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, macho ya VPM wote wawili yako kaskazini na mashariki. Kabambare inapakana na Kivu Kusini, na sauti yake haisikiki kirahisi.

Kuna jambo ambalo VPM wa Mambo ya Ndani analiweza kwetu kuliko gavana, na watu hawalitumii. Administrateri wa teritware na wasaidizi wake wawili wanateuliwa na Rais kwa mapendekezo ya waziri wa Mambo ya Ndani. Kama teritware imekaa muda mrefu na kaimu, au ina mkubwa ambaye wakaaji wanaona hawatumikii, wizara ile ndiyo inayopendekeza mwingine. Gavana hawezi kumteua. Basi mzee aliyeuliza kama VPM ni mkubwa kuliko gavana, kwa jambo hili jibu ni ndiyo, na lina maana. Kwa daraja lake, ukubwa huo haumsaidii hata ubao mmoja.

Wengine watasema nawapa watu kazi ya karani. «Sisi raia tunalia, wakubwa wapange wenyewe.» Nasikia. Serikali ingekuwa na ofisi moja ya kupokea kilio na kukigawa, mambo yangekuwa rahisi. Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo ingefaa kufanya hivyo, na kwa haki, VPM wangefanya kazi ya kweli ya unaibu kama kila mmoja angepewa majimbo machache ya kuyafuatilia, nje ya wizara yake, na kurudi kutoa hesabu. Katiba haikatazi. Leo VPM akija Maniema anakuja kama mkubwa wa wizara, au kama mtu wa chama wakati wa uchaguzi, na ngoma zinapigwa sawa kwa yote mawili. Tukiwa na maikrofoni mbele yake, tunamuuliza juu ya kila kitu, naye anaahidi kila kitu, kwa sababu hakuna kinachomzuia. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya mahojiano ya namna hiyo, na nikiyasikiliza tena naona aibu: maswali kumi na mbili, na labda mawili tu yalikuwa ya wizara yake.

Wale wachuuzi na wamotari walirudi na memorandumu yao. Wameigawa. Moja imeenda Miundombinu, na nakala kwa Office des Routes Kindu. Moja kwa VPM wa Mpango, yenye jina la shule na mwaka kazi iliposimama. Moja kwa Mambo ya Ndani na Ulinzi pamoja, juu ya vizuizi, kila kizuizi na kijiji chake. Wamewapa nakala wabunge wa taifa wa Kasongo na Kabambare, maana waziri asipojibu barua ya mchuuzi, mbunge ana haki ya kumuuliza kwa maandishi. Jibu bado. Lakini safari hii kila nakala ina muhuri na tarehe ya kupokelewa, na mzee wa Kabambare amenipigia tena kuniomba namba ya mtu aliyeiandika ile ya kwanza, ya barabara.